Usiitupe Taa ya Zamani

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni)

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi wetu tumekifahamu tangu utoto, yaani taa ya mafuta. Iko koroboi, iko kandili, iko karabai. Wazee wetu wanazijua taa hizi kama wanavyojua viganja vya mikono yao. Lakini wako wajukuu ambao hawajapata kupandisha utambi hata mara moja.

Tena katika nchi nyingi wako watu wanaozikusanya taa hizi. Huzitafuta masokoni na katika maghala ya zamani, huzisafisha, huzipanga rafuni, na kuandika habari zake. Huko Marekani chama cha watu wapendao taa za kale, kiitwacho Rushlight Club, kilianzishwa mwaka 1932. Katika mji wa Krosno, nchini Poland, iko nyumba ya makumbusho yenye mkusanyo mkubwa sana wa taa za mafuta. Huenda mwenzetu mmoja akauliza, “Je, mtu mzima mwenye umeme nyumbani ataka nini na taa kuukuu?” Swali hilo ni zuri, nasi twataka kulijibu.

Jibu letu ni hili. Katika taa ya zamani hakuna sehemu iliyowekwa bure. Kila bomba, kila waya na kila tundu liliwekwa kwa sababu mtu fulani alikaa gizani, au mtu fulani aliungua. Anayeitunza taa vizuri anatunza ushuhuda wa watu hao. Anayeitupa, au kuitengeneza ovyo, anaufuta.

TAA ILIYOINGIA HOSPITALINI

Hebu tuanze mwanzo. Zamani watu waliwasha mafuta ya mimea na ya wanyama. Huko Ulaya na Marekani walichoma shahamu, na wenye fedha walichoma mafuta ya nyangumi. Mwaka 1780 Mswisi mmoja, Aimé Argand, alibuni taa yenye utambi wa mviringo ulio wazi katikati, hata hewa ikapita ndani na nje ya mwali. Mwanga wake ulikuwa mkubwa. Lakini mafuta mazuri yalikuwa ghali, na mtu maskini alilala mapema.

Mwaka 1846, Abraham Gesner wa Kanada aliwaonyesha watu katika mji wa Charlottetown mafuta mapya, mepesi na safi, aliyoyapata kwa kukeneka makaa ya mawe. Baadaye akayaita kerosini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nta. Ndiyo haya tuyaitayo mafuta ya taa.

Wakati huo huo, katika mji wa Lwów, ambao leo ni Lviv nchini Ukraine, walikuwapo vijana wawili waliofanya kazi katika duka la dawa. Majina yao ni Ignacy Łukasiewicz na Jan Zeh. Walikeneka mafuta yaliyotoka ardhini mpaka wakapata mafuta safi ya kuwaka. Lakini taa za siku zile zilitengenezwa kwa mafuta mazito. Hazikuyafaa haya mapya. Basi Łukasiewicz akamwendea fundi wa mabati, Adam Bratkowski, akamtengenezea taa ya namna nyingine.

Tarehe 31 Julai 1853, usiku, katika hospitali ya mji huo, mgonjwa mmoja alihitaji kupasuliwa bila kungojea asubuhi. Taa hiyo ililetwa, na madaktari wakafanya kazi yao kwa mwanga wake. Angalieni, wapendwa, kwamba taa ya mafuta haikuanza sifa yake katika jumba la tajiri. Ilianza kando ya kitanda cha mgonjwa. Na mkono ulioiunda ulikuwa mkono wa fundi wa mabati, kama wale tunaowasikia wakigonga nyundo zao Kamukunji na Gikomba.

Lakini habari hii ina machozi pia. Jan Zeh alifungua duka lake la kuuza mafuta hayo. Mwaka 1858 moto ulishika dukani humo, na mkewe na shemeji yake wakafa. Mwanga ule ule uliomwokoa mgonjwa uliwaua wapenzi wa mtu aliyeutafuta. Tangu siku hizo, kazi ya watengeneza taa imekuwa moja: kuufanya moto ukubali kukaa nyumbani na watu.

MAFUTA YA UDANGANYIFU

Tarehe 27 Agosti 1859, huko Titusville, Pennsylvania, Edwin Drake alichimba kisima chenye kina cha mita 21 hivi, akapata mafuta. Baada ya hapo mafuta ya taa yalikuwa rahisi, yakaenea pote. Lakini pamoja nayo ulienea uovu mmoja.

Mafuta ya ardhini yakikenekwa hutoa mafuta mepesi mno, yaani nafta na petroli. Siku zile hapakuwa na motokaa, kwa hiyo nafta haikuwa na bei. Wafanyabiashara wengine wasio na haya wakaichanganya na mafuta ya taa ili wapate faida. Mafuta ya taa yaliyo safi hayatoi mvuke wa kuweza kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi kali kuliko barafu. Basi mama aliwasha taa mezani, tangi likapata joto, na taa ikalipuka mbele ya watoto wake. Watu wengi walikufa hivyo. Mwanakemia Charles Chandler wa New York aliyapima mafuta yaliyouzwa mjini humo na kuupigia kelele udanganyifu huo. Na John Rockefeller alipoanzisha kampuni yake mwaka 1870, aliipa jina la Standard Oil ili wanunuzi waamini kwamba mafuta yake ni ya namna moja siku zote.

Msidhani hayo yalikuwa mambo ya Wamarekani tu. Hapa kwetu Kenya, mwaka 2018, serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu wako waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Miaka imepita, lakini mizani ya hila haijaisha.

KANDILI NA KARABAI

Sasa tuitazame kandili, ile ambayo wengi huiita taa ya harikeni. Mmepata kujiuliza kwa nini ina mabomba mawili ubavuni? Wengine hudhani ni ya kuipa nguvu tu. La, sivyo. Mabomba hayo ndiyo mapafu ya taa.

Mwaka 1869 Mmarekani John Irwin alipata hati ya haki ya uvumbuzi wa taa ambayo hewa yake ya moto hupanda juu, kisha sehemu yake hurudi chini kwa mabomba na kuulisha mwali. Kwa kuwa hewa hupita ndani ya bomba, upepo wa nje hauwezi kuuzima mwali kwa urahisi. Mwaka 1873 Irwin alipata hati ya namna bora zaidi. Katika hiyo, mabomba huchukua hewa safi na baridi kutoka juu, wala haichanganyiki na moshi. Hewa safi ikileta mwanga mweupe zaidi, mlinzi na mchungaji wa ng'ombe wakaweza kutembea katika mvua na tufani. Kampuni ya Dietz, iliyotokana na biashara ya taa ambayo Robert Dietz aliianza huko Brooklyn mwaka 1840, ilitengeneza kandili za namna hiyo kwa wingi sana. Kule Ujerumani, Hermann Nier alianzisha kiwanda mwaka 1902 katika mji wa Beierfeld, na kandili zake ziliitwa Feuerhand.

Karabai ni jambo lingine kabisa. Haina utambi. Ukipiga pampu, hewa husukuma mafuta yapande katika bomba lenye moto. Humo yanageuka mvuke, yanatoka kwa tundu dogo kama la sindano, yanachanganyika na hewa, na kuwaka ndani ya kile kifuko cha nyuzi. Kifuko hicho ni kazi ya Carl Auer von Welsbach wa Austria, aliyepata haki yake mwaka 1885. Kitambaa chake hulowekwa katika chumvi za madini. Kikiwashwa mara ya kwanza nyuzi huteketea, na kinachobaki ni jivu gumu linalong'aa kuliko moto wenyewe. Ndiyo maana ukikigusa kwa kidole kinavunjika. Watengenezaji wa taa kama Petromax walihesabu mwanga wake kuwa sawa na mishumaa 300, wengine 500. Kandili hutoa mwanga wa mishumaa michache tu. Je, ni ajabu kwamba kijiji kizima kilikusanyika pale ilipowashwa karabai? Ibada ngapi za jioni, arusi ngapi na kesha ngapi za msiba zilifanyika chini ya mvumo wa taa hiyo!

DEBE NA KOROBOI

Mafuta ya taa yalifika Afrika Mashariki kwa meli, yakiwa katika mikebe mikubwa ya bati ya lita 18 hivi. Mikebe hiyo ndiyo madebe. Mafuta yalipokwisha, debe halikutupwa. Lilichota maji, likapima mahindi, likakunjuliwa kuwa paa na mlango. Hata leo mkulima anayepima mahindi kwa debe anatumia kipimo kilicholetwa na mafuta ya taa.

Na kutokana na mabati na mikopo mitupu fundi wetu akaunda koroboi. Ni kitu kidogo: tumbo la mafuta, mfuniko, bomba fupi, na utambi wa kitambaa. Haina chemni wala mapafu. Ndiyo maana hutoa moshi mweusi, na sisi tuliosoma kwa mwanga wake twakumbuka pua zilizokuwa nyeusi asubuhi. Watoto wengi wameungua kwa sababu ya koroboi iliyoanguka. Hatutaki kuisifu kupita kiasi. Lakini ni nani atakayeandika habari za elimu katika nchi hii asiitaje? Walimu, wauguzi na wachungaji wengi walifanya masomo yao mbele ya mwali huo.

Na wakusanyaji wengi hukosea hapa. Huipenda kandili ya kigeni yenye jina la kiwanda, na koroboi huiona takataka. Lakini Dietz moja hufanana na Dietz elfu. Koroboi iliyotengenezwa kwa mkono haina pacha. Ukiona bado ina maandishi ya mkopo wa maziwa au wa dawa ya wadudu, unaona duka la kijijini lilivyokuwa, na unaona akili ya fundi ambaye jina lake halikuandikwa popote.

NAMNA YA KUISOMA TAA

Basi mkusanyaji mwema hufanyaje? Tutaje mambo manne.

Kwanza, hutafuta alama. Dietz ilipiga juu ya kandili zake nyingi herufi na tarakimu ndogo zinazoonyesha kiwanda na mwaka. Taa iliyoandikwa Ujerumani Magharibi kwa Kiingereza ni ya miaka ambayo nchi hiyo iligawanyika, kati ya 1949 na 1990.

Pili, haamini kila tarehe. Taa nyingi za Marekani zina tarehe ya hati ya haki kwenye kigurudumu cha kupandishia utambi. Wasiojua husema, “Taa hii ni ya mwaka huo.” Si lazima. Tarehe hiyo yasema tu kwamba taa haikutengenezwa kabla ya hapo. Huenda ilitengenezwa miaka ishirini baadaye.

Tatu, huangalia kama sehemu zake ni za taa moja. Chemni huvunjika kila mara, na kichwa cha taa huharibika. Mara nyingi utakuta tumbo la taa hii na kichwa cha ile. Hilo si dhambi, maana ndivyo watu walivyoishi. Lakini anayeuza taa hiyo kama mzima na ya asili anadanganya.

Nne, hulinda alama za matumizi. Ukiona risasi ambayo fundi wa sokoni alitumia kuziba tundu la tangi, usiiondoe. Ukiona waya uliofungwa badala ya mkono uliovunjika, uache. Hiyo ndiyo habari ya taa. Wako watu wanaosugua taa mpaka rangi na maandishi yote yametoka. Wako pia waliotoboa tundu katika tangi la taa nzuri ya miaka mia ili wapitishe waya wa umeme. Taa ikishatobolewa hivyo haiwezi tena kushika mafuta, wala kumfundisha mtu jinsi ilivyofanya kazi.

Tena tuwe wakweli katika kusimulia. Mwaka 1871 mji wa Chicago uliungua. Watu 300 hivi walikufa, na wapatao 100,000 wakakosa makao. Moto ulianzia kwenye banda la Catherine O'Leary, mama maskini aliyetoka Ireland, na ikavumishwa kwamba ng'ombe wake aliipiga teke taa. Mama huyo alisema alikuwa amekwisha kulala. Hakuaminiwa. Mwaka 1893 mwandishi mmoja wa gazeti alikiri kwamba habari ya ng'ombe ilitungwa, lakini yule mama aliishi na aibu hiyo mpaka kufa. Baraza la mji lilimwondolea lawama mwaka 1997, wakati yeye alikuwa kaburini zaidi ya miaka mia. Wahenga walisema lisemwalo lipo, lakini hapa lililosemwa halikuwapo. Basi unapoandika habari ya taa, tenga unayoyajua na unayoyasikia. Andika “Bibi alisema,” kama ni bibi aliyesema.

KWA NINI SASA

Wapendwa, jambo hili lina haraka. Katika sensa ya mwaka 2009, karibu nyumba 7 katika kila 10 nchini Kenya zilitumia kandili au koroboi. Katika sensa ya mwaka 2019, nusu ya nyumba zilikuwa na umeme wa nyaya, na karibu nyumba moja katika kila tano ilitumia mwanga wa jua. Twafurahi kwa hilo. Mtoto anayesoma bila moshi ni baraka, wala hatumwambii mtu yeyote arudi gizani. Lakini kitu kilichojaa nchi nzima kinatoweka katika maisha ya mtu mmoja. Mnunuzi wa vyuma chakavu anapita mlangoni, na kandili ya babu inapimwa kwa kilo.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Taa ikienda, maneno yake huenda nayo. Sisi watu wa kanisa twaujua mfano wa wale wanawali kumi na taa zao. Mtoto ambaye hajaona utambi ukikauka na mwali ukififia usiku wa manane, ataelewaje hofu ya wale watano waliokosa mafuta? Atadhani ni jambo la kubonyeza swichi.

Kwa hiyo twawashauri hivi. Kama mna taa ya zamani nyumbani, iteremsheni darini. Mwageni mafuta yaliyobaki mahali salama, wala msiyaweke kamwe katika chupa ya soda, kwa maana watoto wengi wamekunywa sumu hiyo wakidhani ni maji. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini. Msiijaribu kwa petroli hata kidogo. Kama ni karabai ya zamani, jihadharini na vumbi la kifuko chake, kwa sababu vifuko vya zamani vilikuwa na madini ya thoriamu, ambayo si mema kuvutwa puani. Na kama tangi limeoza kwa kutu, msilipige pampu.

Kisha mketi na mzee wa nyumba hiyo, taa ikiwa katikati yenu. Mwulizeni, “Baba, taa hii ilinunuliwa wapi? Kwa shilingi ngapi? Nani alitumwa mafuta? Ilining'inizwa wapi? Usiku gani iliwashwa mpaka asubuhi?” Yaandikeni majibu katika karatasi, mweke tarehe, mfunge karatasi hiyo kwenye mkono wa taa. Vijana wa kanisa wanaweza kuifanya kazi hii katika kila boma, na mwalimu wa shule anaweza kutenga meza moja darasani.

Taa moja yenye karatasi hiyo yashinda taa hamsini zilizong'arishwa zisizo na neno. Mafundi wengi walioziunda hawana majina, wala mama waliozijaza mafuta hawakuandikwa katika vitabu. Lakini wazee wetu wengine wangali hai, na midomo yao ingali na habari. Ndugu mpendwa, dada mpendwa, muulize mzee wako wiki hii, kabla jua halijachwa.